Jumapili za Torjus Kalafati

Kila Jumapili iliyotangulia siku ya kuandikisha mabaharia, Torjus Lindal alikuwa akibandika birika kubwa la kahawa jikoni mara tu watu wanapotoka kanisani. Hakumwalika mtu. Wanaume walikuja wenyewe, mmoja mmoja, wakakung'uta viatu mlangoni, wakakaa kwenye benchi la ukutani na kuzungumza habari za vibua, za kasisi mpya, za ng'ombe wa jirani aliyeteleza kwenye barafu. Kisha mmoja wao, kwa kawaida yule mwenye watoto wengi kuliko wenzake, alikuwa akiweka kikombe chini na kuuliza:

"Haya, bwana kalafati. Inavuja?"

Torjus alikuwa na majibu mawili tu. Akisema, "Ningepanda mwenyewe," kesho yake watu wanaandikishwa. Akisema, "Sijui," wanamaliza kahawa, wanashukuru, na kesho kila mmoja anakumbuka kuwa ana paa la kuezeka. Hakuna aliyedai maelezo. Nyumba zote za bandari ya Ternevik zilisimama juu ya mwamba wa ukoo wa Brekke, na wenye merikebu walikuwa haohao. Neno "sijui" halijawahi kumfukuzisha mtu nyumbani kwake.

Alizaliwa mwaka 1838 katika bandari hiyohiyo, mwendo wa nusu siku kutoka mji wa Arendal. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na sikio la kushoto ambalo watu walilisifu kama wengine wanavyosifu farasi mzuri. Kazi ya kalafati ni kuziba. Unasokota nyuzi za kamba kuukuu, unazishindilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti, kisha unamwaga lami ya moto. Kazi hiyo hata mlevi anaweza kuifanya. Torjus alitofautiana na wengine kwa kuwa aligonga kwanza, akasikiliza, ndipo akaziba. Ubao mzima hulia. Ubao uliooza hunyamaza.

Merikebu aliyoijua kuliko zote ilikuwa Alvilde, yenye milingoti mitatu. Ilishushwa majini Mei 1857, Torjus akiwa na miaka kumi na tisa, na upande wake wa kushoto, kuanzia tezi, yaani nyuma kabisa, mpaka mlingoti wa katikati, ulikuwa kazi yake ya kwanza kama fundi. Ilipeleka mbao London na kurudi na makaa. Ilibeba chumvi ya Uhispania, nafaka ya Bahari Nyeusi, kahawa ya Rio. Mara mbili ilipeleka wahamiaji Quebec, na mwanamke mmoja akajifungua humo ndani, mtoto akapewa jina la merikebu. Aliyeijenga, mzee Brekke, alisafiri nayo mwenyewe miaka sita, halafu akampakia mwanawe mkubwa, na mwana huyo alikufa kwa homa ya manjano huko Rio mwaka 1863 pamoja na mabaharia watatu. Mzee alikwenda kwenye nyumba zote tatu kwa miguu. Hakuwa na la kuwaambia wajane, ila kila mmoja wao alijua kuwa naye anatoka kulia.

Hapo ndipo desturi ilipopata nguvu. Merikebu ikizeeka, hasa ikitaka kusafiri baada ya Oktoba, mwenye nayo alitakiwa kupakia damu yake: mwana, mpwa, au yeye mwenyewe. Haikuandikwa popote. Damu ikishapanda, watu walikuja kwa Torjus siku ya Jumapili wakanywa kahawa tu na kurudi makwao. Kumuuliza kalafati wakati kama huo ni kumtangazia mwenye merikebu kwamba anaweza kumuua mwanawe, na hilo hakuna aliyetaka kuonekana amelifikiri.

Mzee Brekke alikufa. Merikebu ikabaki kwa mwanawe mdogo, Didrik Brekke, mtu wa fimbo na glavu, aliyetapishwa na bahari hata kwenye boti ya kwenda kanisani. Kadiri Alvilde ilivyozeeka ndivyo safari zake zilivyofupishwa. Haikwenda tena Rio wala Quebec, ila Uingereza na kurudi, na nguzo za migodini zimejaa mpaka juu ya sitaha.

Mwezi Oktoba 1885 waliilaza ubavu ufukoni, na Torjus akaanza kugonga kutoka mbele kwenda nyuma. Alipofika tezini, upande wa kushoto, ubao ulinyamaza. Akaweka patasi, akapiga nyundo mara moja, si kwa nguvu. Patasi haikugota. Iliingia kama kisu kwenye jibini mpaka kwenye mpini. Alijaribu hatua moja mbele, ikaingia. Hatua mbili, ikaingia. Akachungulia ndani kwa taa na kukuta mataruma mawili, zile mbavu za merikebu, yamekuwa meusi na laini, unayabonyeza kwa kidole gumba.

Didrik Brekke aliitwa, akaja na fimbo yake.

"Mbao sita zimekwisha, bwana Brekke," Torjus alimwambia. "Na mataruma mawili nyuma yake. Hapa sizibi kitu. Natia nyuzi kwenye uji."

"Wewe Torjus, tangu nikujue hujawahi kuona ubao mzima."

"Nimewahi. Baba yako ndiye aliyeuweka hapa."

Brekke akacheka kidogo, akagusa ubao kwa ncha ya fimbo, akaitazama ncha ile, akaipangusa kwenye majani. "Tutaweka kinu cha upepo, kivute maji. Upepo haulali, wala hauombi kahawa."

"Kinu kinavuta maji. Hakishiki mbao."

"Na wewe kazi yako ni kuziba. Ziba, paka lami. Naitaka majini Jumatano."

Torjus akaziba. Alipigilia bamba la risasi juu ya ile sehemu mbaya, akapaka lami mpaka ikang'aa kama kiatu cha hakimu. Hakuumia sana moyo, kwa sababu alishajua atakalosema Jumapili. Angesema "sijui," mabaharia wasingeandikishwa, na Alvilde ingekaa kwenye nanga mpaka mbao mpya zipatikane. Ndivyo mambo yalivyokwenda Ternevik kwa karibu miaka thelathini, bila mtu kupaza sauti.

Kinu kikajengwa katikati ya sitaha, mabawa manne ya turubai juu ya mnara wa mbao. Watu walikuja kukitazama. Eilev, mdogo wake Torjus, alikizunguka mara mbili mikono mfukoni.

"Safi," akasema. "Sasa tumebakiza ngano tu."

Eilev alikuwa na miaka thelathini na nne. Torjus alimlea tangu wazazi wao walipokufa mwaka mmoja kwa kifua kikuu, na hakuwahi kuoa kwa sababu, kama alivyosema, nyumba ilikuwa tayari na kelele za kutosha. Eilev alizungumza akila, alizungumza na farasi, alizungumza usingizini. Alikuwa na mke, Aslaug, na mabinti wawili, na majira hayo ya baridi alikuwa ameahidiwa nafasi Arendal kwenye karakana ya kamba. Kazi ya kamba hakuipenda. Alisema inanuka kama babu.

Jumamosi kabla ya kuandikisha, Ludvig Brekke alishuka kutoka nyumba kubwa, na nyuma yake watu wawili wamebeba sanduku lake. Mwana pekee wa Didrik, miaka ishirini na minne, karudi juzi tu kutoka shule ya biashara Hamburg. Alitia saini mbele ya watu gatini, afisa wa pili wa Alvilde. Wanaume walivua kofia. Bibi mmoja alilia, kwa maana alimkumbuka yule wa Rio.

Torjus aliona yote hayo akiwa mlangoni kwa seremala. Alirudi nyumbani polepole. Mtu anaweza kudanganya juu ya ubao, aliwaza, lakini mwana ni mwana. Labda Brekke alishuka usiku mmoja na mafundi wa Arendal wakaipima upya. Labda patasi ilikuwa kali mno. Sikio lake lilikuwa na miaka arobaini na saba kama yeye. Kila alivyowaza, kile alichokishika kwa kidole gumba kilizidi kuwa kigumu, na alipofika mlangoni kwake kilikuwa kimekaribia kuwa mti mzima.

Jumapili wanaume walikuja kumi na wawili, wakanywa, wakacheka habari za kinu, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza. Eilev peke yake alibaki nyuma, na Aslaug, aliyekuja kusaidia kuosha vikombe.

"Kaka," Eilev akasema, "wenzangu wana adabu, mimi sina. Inavuja?"

"Ludvig anakwenda."

"Sijakuuliza habari za Ludvig. Ludvig atakwenda kokote atakakotumwa, hata kununua chumvi. Nimekuuliza inavuja?"

Torjus alikuwa amemgeuzia mgongo, akikoroga makaa. Neno lilikuwepo. Lilikuwa neno moja tu, fupi, na alikuwa amelitayarisha tangu wiki ile patasi ilipoingia. Lakini kulisema sasa ilikuwa kusema kwamba Didrik Brekke ni muuaji wa mwanawe, na hilo lilikuwa jambo lisilowezekana.

"Nenda," akasema. "Nenda tu, mdogo wangu. Mtu hamzamishi mwanawe."

"Umesikia?" Eilev akamgeukia mkewe. "Kalafati kasema. Nikizama, umuulize yeye."

"Usiseme hivyo siku ya Jumapili," Aslaug akamjibu, na hakucheka.

Alvilde iliondoka Alhamisi, tarehe kumi na mbili Novemba, na watu kumi ndani. Rubani wa kuitoa bandarini alikuwa Salve Tallaksen, mtu mrefu mwenye ndevu za kijivu, mume wa marehemu dada yao. Alikuwa amekunywa kahawa katika jiko la Torjus miaka ishirini. Salve aliitoa merikebu mpaka kupita visiwa vya mawe, lakini kabla ya adhuhuri upepo uligeuka ukaja wa mbele, na nahodha akatia nanga nyuma ya kisiwa cha Lyngholmen kuungoja ubadilike.

Ijumaa mchana Salve aliingia jikoni kwa Torjus, akakaa mahali pake.

"Wako wapi?" Torjus akauliza.

"Wangali Lyngholmen. Wanangoja."

"Wazima?"

"Wazima. Wanakula viazi na kumtukana aliyeumba kusi."

Salve akakoroga kahawa yake, ingawa hakuwa ametia sukari. "Torjus," akasema.

"Naam, shemeji."

"Kahawa yako chungu."

"Umeinywa miaka ishirini."

"Ndiyo maana nasema."

Akaondoka. Baada ya muda mfupi akarudi, amesahau glavu moja. Aliiokota chini ya benchi, akasimama nayo mlangoni muda mrefu kuliko glavu inavyohitaji, akasema jioni atakuwa na safari nyingine Lyngholmen, kisha akaenda. Torjus aliyakumbuka hayo baadaye, moja baada ya jingine. Kutoka gati la Ternevik mpaka Lyngholmen ni saa mbili za makasia. Alvilde ilikaa pale usiku wa Alhamisi na usiku wa Ijumaa. Jumamosi alfajiri upepo uligeuka, ikaondoka.

Wiki mbili baadaye meli ya moshi ya Wadenmark iliikuta katikati ya Bahari ya Kaskazini. Merikebu iliyojaa mbao haizami. Hunywa maji mpaka sitaha inalingana na bahari, halafu inabaki hivyo, na walio juu yake hawana pa kukauka. Milingoti miwili ilikuwa imekatika. Kwenye kamba za mlingoti uliobaki zilifungwa vitanzi vinne vya ukubwa wa kiuno cha mtu, vitupu. Sehemu ya tezi, upande wa kushoto, ilikuwa wazi kama mlango wa ghala. Kinu kilikuwa kizima. Kilikuwa kinazunguka, kinavuta bahari na kuimwaga baharini.

Ibada ya waliopotea ilifanywa Januari. Kasisi alisimama na karatasi iliyotoka ofisini kwa Brekke, akasoma majina taratibu, akipumzika baada ya kila jina ili wenye nalo walie. Torjus alihesabu kwa vidole ndani ya glavu. La Eilev lilikuwa la sita. Baada ya la tisa kasisi alikunja karatasi.

Ndipo yule bibi aliyelia gatini, ambaye alikuwa kiziwi nusu na hakujua sauti yake ilivyo, akamwambia jirani yake: "Kamsahau Ludvig."

Kasisi akatazama benchi la mbele. Didrik Brekke akasimama. Alisema kwamba kwa rehema za Mungu mwanawe hakuwemo. Aliumwa jino, ikabidi ateremke, na sasa yuko kazini Hamburg. Alisema familia yake inamshukuru Mungu kwa unyenyekevu. Akakaa.

Wote kumi na wawili waliokunywa kahawa ile Jumapili, isipokuwa waliokufa, walikuwamo kanisani. Hakuna aliyesimama.

Torjus alimkuta Salve kwenye ukuta wa makaburi, akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Shemeji, nani alimteremsha?"

"Baridi kali hii, twende nyumba—"

"Nakuuliza, nani alimteremsha?"

Salve akainuka. "Alhamisi, pale visiwani. Kafunga shavu kwa kitambaa. Nahodha akasema ana jino, atachukua meli ya moshi awakute Hartlepool, Uingereza. Mimi rubani, Torjus. Nachukua ninayeambiwa nimchukue."

"Hilo jino uliliona?"

"Jino la mtu nitalionaje?"

"Na Ijumaa ukaja kwangu. Nanga ilikuwa bado iko chini."

"Mzee Brekke yule wa zamani asingenifanyia vile," Salve akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Huyu alinishika mkono pale gatini, akaniambia ninyamaze mpaka masika. Basi, hayo tu. Nyumba yangu iko juu ya mwamba wake. Yako pia."

"Eilev alisema nini Ludvig alipoteremka?"

"Hakusema kitu."

Torjus alimtazama. Eilev hakuwahi kunyamaza hata siku aliyobatizwa. "Hakusema kitu," akarudia.

"Hakusema."

Mwezi Februari Torjus alikwenda Arendal na kuomba uchunguzi, na aliupata. Hakimu alitoka mji mkuu, Kristiania, kijana mwenye mafua. Daftari la mabaharia lilipoletwa, jina la Ludvig Brekke lilionekana limepigwa mstari, na pembeni yake tarehe kumi na moja Novemba, siku moja kabla ya safari. Kwa mujibu wa daftari, hakuwa amepanda kabisa. Salve Tallaksen aliapa kwa kunyoosha vidole vitatu. Aliulizwa kama alimteremsha mtu yeyote kutoka Alvilde. Akajibu kwamba hakumteremsha mtu. Hakumtazama Torjus. Alitazama jiko la makaa la mahakama.

Aslaug akaitwa. Yeye hakujua kusema uongo, na hakuna aliyemwomba aseme.

"Shemeji yako alimwambia mumeo nini siku ya Jumapili?"

"Alimwambia nenda."

"Hayo tu?"

"Alisema nenda tu, mtu hamzamishi mwanawe."

Hakimu akapenga kamasi, akamgeukia Torjus. "Wewe unaiambia mahakama kwamba ulikuta mbao zimeoza."

"Ndiyo."

"Na ukamwambia ndugu yako aende?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu damu ilikuwa imepanda."

"Damu gani?"

Torjus akageuka kuyatazama mabenchi. Walikuwepo watu kumi na wanane wa Ternevik, na kila mmoja angeweza kumweleza hakimu kwa sentensi moja. Watano wao waliona sanduku la Ludvig likibebwa, wakavua kofia. Walitazama mikono yao. Karani akauliza aandike nini. Hakimu akamwambia aandike kwamba shahidi hakutoa maelezo.

Iliamuliwa kwamba Alvilde ilipotea kwa dhoruba, na kwamba fundi kalafati aliyeihudumia alikuwa amethibitisha kwa ndugu yake kuwa iko salama.

Brekke hakumfukuza. Hakuwa na sababu, na kalafati mwingine hakukuwa. Torjus aliendelea kuziba. Nyumba ya Eilev ilipewa mtu mwingine, na Aslaug na mabinti wakahamia kwenye dari la Torjus kwa kuwa hawakuwa na pengine. Aslaug alimpikia viazi na samaki wa chumvi, alimfulia, alimshonea glavu. Hakumsemesha. Akihitaji kuni alimtuma mmoja wa watoto: mwambie baba mkubwa kuni zimekwisha. Torjus naye alijibu kwa njia hiyohiyo.

Birika aliliweka kila Jumapili ya kuandikisha, kama zamani. Hakuja mtu. Wengine walisema wanamwonea haya, wengine walisema neno lake halina tena thamani. Kahawa ilichemka mpaka ikawa nyeusi kama lami, naye akaimwaga nyuma ya nyumba.

Hivyo mpaka Machi 1887. Brekke alikuwa na merikebu nyingine ya zamani, kuukuu kuliko Alvilde, na safari hiyo mpwa wake ndiye aliyetia saini gatini, na sanduku, na watu wakavua kofia. Torjus alikuwa ameigonga wiki iliyotangulia. Jumapili adhuhuri aliweka birika. Mlango ukagongwa.

Alikuwa Salve, kofia mkononi. Alikuwa amekonda.

"Shemeji," akasema.

Torjus hakumkaribisha wala hakufunga.

"Mwanangu Tallak anaandikishwa kesho. Ana miaka ishirini, hanisikilizi. Mpwa wa Brekke anakwenda, najua, lakini..."

"Lakini ulishawahi kumteremsha mmoja."

"Nakuomba, Torjus. Unitukane ukitaka. Inavuja?"

"Wewe kwanza. Eilev alisema nini?"

"Hapa mlangoni?"

"Hapo hapo ulipo."

Salve akachungulia ndani. Aslaug alikuwa mezani akikata mkate, na kisu kilikuwa kimesimama.

"Ludvig alikuwa ameshafika chini kwenye boti yangu," Salve akaanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu alichokariri muda mrefu. "Eilev akainama ukingoni. Akasema, 'Salve, mwambie kaka kwamba Ludvig ameteremka. Muulize, na sisi tushuke? Nangoja jibu.' Hivyo tu."

"Endelea."

"Nimemaliza."

"Ijumaa jioni ulirudi Lyngholmen. Uliniambia mwenyewe una safari."

Salve akaizungusha kofia. "Nilipeleka barua ya Brekke kwa nahodha. Eilev alikuwa ananingoja kwenye ngazi. Akasema, 'Kaka kasemaje?'"

"Ukamwambiaje?"

"Sikumwambia kitu. Nilitazama kamba. Akacheka, unamjua. Akasema, 'Basi kama hakuja mwenyewe, iko salama.' Akaenda kula."

Torjus alishika mwimo wa mlango. Alipozungumza hakuwa anamtazama Salve. Alikuwa anatazama juu ya bega lake, kule gatini na nje ya gati.

"Shukeni," akasema.

Salve hakuelewa. "Nini?"

"Hilo ndilo jibu. Neno moja. Lisingekulemea kwenye boti."

Salve alifuta uso kwa kofia. Alisubiri. Alikuwa amekuja kwa jambo moja, na hata sasa hakuweza kuondoka bila hilo. "Na Tallak?" akauliza, polepole sana.

Torjus angeweza kufunga mlango. Aslaug alisema baadaye kwamba alidhani atafunga, na kwamba yeye mwenyewe hakujua anataka afanye nini.

"Sijui," Torjus akasema.

Salve akainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru kasisi, akashuka ngazi mbiombio. Kesho yake Tallak alipatwa na homa ya ghafla, ikapona merikebu ilipokwisha kuondoka bila yeye. Ilifika Uingereza, ikarudi, na safari ya tatu haikurudi. Salve alikuwa na mwanawe. Arendal ni nusu siku kwa miguu, na mahakama ilikuwa wazi kila siku ya kazi. Hakwenda kubadilisha kiapo chake juma hilo wala juma jingine lolote katika miaka kumi na minne aliyobakiza kuishi.

Torjus alifunga mlango, akabaki amesimama. Aslaug aliondoa birika motoni, akamimina vikombe viwili, akavisukuma mezani, kimoja kila upande. Alikaa. Kisha akamwambia, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtoto:

"Lakini na wewe ulimwambia nenda."

"Nilimwambia."

"Kunywa," akasema. "Inapoa."